UZI: Bar 50 siyo kinga. Hesabu ya hewa, mitungi, bamvua na bendsi kwa wanaopiga mbizi pwani yetu

#1 Mwambakuni (mtoa mada)

Wakuu, msimu wa maji meupe ukikaribia swali huwa lilelile: "Nianze kupanda nikibakiwa na bar ngapi?" Na jibu ni lilelile: "Bar 50." Naomba tulivunje jibu hili hapa. Bar ni kipimo cha shinikizo, na bar 50 ni hewa unayotakiwa ubaki nayo ukiwa umeshakaa ndani ya boti. Siyo hewa ya kuanzia safari kutoka mita 30.

Tuchukue mtungi ambao vituo vingi vya mbizi kuanzia Watamu hadi Mafia vinao: alumini, lita 11.1, umejazwa bar 200. Hapo una lita 2,220 za hewa. Juu ya maji mtu mzima aliyetulia anaogelea polepole anatumia kama lita 20 kwa dakika. Juu ya maji shinikizo ni bar 1, na maji ya chumvi yanaongeza bar 1 kila mita 10: mita 10 una bar 2, mita 20 bar 3, mita 30 bar 4. Pumzi zilizokula lita 20 juu zinakula 80 ukiwa mita 30.

Sasa weka balaa. Mwenzako hewa imemwishia mita 30, anakuja kuchukua oktopasi yako, ule mdomo wa akiba wa kuvutia hewa. Mko wawili kwenye mtungi mmoja, wote mmeshtuka, kila mmoja anavuta lita 30 badala ya 20. Yaani lita 60 kwa dakika, kwa kipimo cha juu ya maji.

Dakika 1 ya kushikana, kutulia na kuondoka: 60 × 4 = lita 240.
Kupanda kwa dakika 3, wastani wa bar 2.5: 60 × 3 × 2.5 = lita 450.
Kusimama mita 5 kwa dakika 3: 60 × 3 × 1.5 = lita 270.

Jumla lita 960. Gawa kwa 11.1 unapata bar 86 na ushee. Andika 90. (Nimetumia mwendo wa mita 10 kwa dakika ili hesabu iwe nyepesi, mwendo unaofundishwa sana siku hizi ni mita 9.) Ukiifanya hesabu hiyohiyo kwa mita 18 unapata bar 60.

Ona inavyobana. Ukitoa 90 kwenye 200 unabaki na bar 110, ambazo ni lita 1,221. Gawa kwa 80, unapata dakika 15 za mita 30, na muda wa kushuka umo humo. Jedwali la PADI, shirika la kufundisha mbizi, linakupa dakika 20 kwa kina hicho kabla naitrojeni haijajaa mwilini kupita kiasi. Kwa mtungi huu hewa inakubana kabla ya naitrojeni, lakini watu wanaangalia kompyuta ya mbizi ya mkononi peke yake, inasema bado dakika 5, wanajiona wako salama.

#2 Kijana_Forodhani

Mkuu umetisha, ila hebu tuwe wakweli. Nani anapiga hesabu za kuzidisha akiwa chini ya maji mita 30? Huko kichwa chenyewe kinakuwa kama umekunywa.

#3 Mwambakuni

Ndiyo maana haipigwi chini. Inapigwa kwenye boti, au nyumbani jana yake, na inaandikwa kwa penseli kwenye kibao: kina, dakika, bar ya kugeuka, bar ya kupanda. Chini unasoma tu. Na umesema kitu cha maana bila kukusudia: ulevi wa naitrojeni wengi huanza kuuhisi kwenye mita 30, na dalili yake mbaya siyo kucheka ovyo, ni kuangalia geji na usielewe ulichokiona. Mwenzako akikuuliza kwa ishara una bar ngapi na ukachelewa kujibu, pandeni mita 5 hadi 10 papo hapo. Unaondoka wenyewe, hauachi mabaki.

Kuna jambo la kupanda lenyewe. Hewa ya kwenye mapafu inaongezeka ukubwa mara mbili kutoka mita 10 hadi juu. Kutoka mita 30 hadi 20 inaongezeka theluthi moja tu. Kwa hiyo sehemu ya hatari ni ile unayoiona karibu, pale mwanga umeshakuwa mwingi na tumbo la boti unaliona. Kina cha mita moja na kitu kinatosha kupasua pafu lililojaa kama mtu amebana pumzi. Usibane pumzi, hata kwenye bwawa, hata unapopiga picha ya kasa.

#4 Fundi_Mitungi

Mtoa mada kaongelea wingi wa hewa. Mimi naongelea hewa yenyewe na mtungi wenyewe.

Kompresa ya kujazia mitungi inavuta hewa kupitia bomba. Bomba likiwa karibu na egzosi ya injini ya dizeli, au upepo ukigeuka katikati ya kujaza, unasukuma moshi kwenye mtungi. Hatari kubwa ni monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Na kompresa iliyochemka sana inaweza kuitengeneza yenyewe kwa kuunguza mafuta yake ya kulainishia, hata kama bomba umelipeleka juu ya mnazi.

Kiwango cha Ulaya, EN 12021, kinaruhusu monoksidi ya kaboni isiyozidi 5 ppm (sehemu 5 kwa milioni), na mafuta yasiyozidi miligramu 0.5 kwa mita moja ya ujazo. Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu ya ile hesabu ya bar. Hewa yenye 20 ppm juu ya maji inakupiga kama 80 ppm ukiwa mita 30. Mtu anaumwa kichwa chini, anadhani ni maski imembana.

Ndani ya chujio kuna tabaka: ya kukausha unyevu, mkaa wa kunyonya harufu na mvuke wa mafuta, na kwenye mashine nyingi zinazoendeshwa kwa injini kuna hopkaliti inayoigeuza monoksidi kuwa dayoksidi. Hopkaliti ikilowa imekufa. Kwa hiyo tabaka ya kukausha ikishiba, ile ya kukulinda inakufa nyuma yake kimyakimya, na harufu inaweza kubaki nzuri tu. Saa za chujio zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine mara nyingi zimepimwa kwa joto la nyuzi 20. Pwani yetu, nyuzi 30 na unyevu wa mvua za masika, usizitegemee hizo saa. Punguza.

Mteja, una haki ya kuuliza: chujio limebadilishwa lini, daftari liko wapi? Kituo kizuri kinakuonyesha daftari. Kabla ya kufunga regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa), fungua valvu kidogo hewa ipite kwenye kitambaa cheupe kwa nusu dakika. Harufu ya moshi, harufu ya mafuta, au doa: rudisha mtungi. Kukosa harufu hakumaanishi ni safi, lakini ikiwepo hakuna mjadala.

Mtungi: angalia tarehe zilizogongwa shingoni. Jaribio la shinikizo la maji kila miaka 5, ukaguzi wa ndani kila mwaka. Mitungi ya zamani ya alumini ya aloi 6351, iliyotengenezwa kabla ya 1990, ina tabia ya kupasuka shingoni, na mafundi wengi hatuijazi kabisa. Na ukiukuta mtungi bado wa moto, usiamini geji: bar 200 kwa nyuzi 50 inakuwa kama 185 ukishapoa. Hizo bar 15 ni karibu dakika 2 zako za mita 30.

#5 Kijana_Forodhani

Fundi, na ile ya kufungua valvu mpaka mwisho halafu unarudisha nusu zungusho, ni sahihi?

#6 Fundi_Mitungi

Achana nayo. Ilikuwa ya valvu za zamani. Tatizo lake ni hili: msaidizi wa boti anakuja kukusaidia, hajui valvu iko upande gani, anaifunga mpaka mwisho halafu anarudisha nusu zungusho. Sasa imefunguka nusu zungusho tu. Juu ya maji inapumulika vizuri kabisa. Mita 20, mahitaji yako mara tatu, hewa inagoma.

Kipimo ni chepesi. Vuta pumzi nne nzito kwenye regyuleta huku unaangalia mshale wa geji. Ukitulia palepale, valvu iko wazi. Ukicheza, unashuka ukivuta na kupanda ukiacha, valvu haijafunguka vya kutosha. Fanya mwenyewe, na umfanyie mwenzako. Na oringi ya valvu, ile pete ya mpira, uitazame kila mara: iliyokatika au kukauka inaanza na sauti ya "sssss" ndogo. Badilisha, bei yake ni ya andazi.

#7 Nahodha_wa_Chake

Assalaam alaykum. Nyie mnahesabu bar, sie huku tunahesabu mwezi. Mzamiaji asiyejua bamvua asije Pemba.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, kwenye visiwa vyetu tofauti yake inafika karibu mita 4. Maji yote hayo yanapita kwenye milango myembamba ya miamba. Siku ya saba na ya ishirini na mbili ya mwezi hivi, maji mafu, mkondo umelegea. Mgeni unampeleka kwenye mlango siku za maji mafu, au unangoja maji yasimame. Kule Mafia, Chole, mlango wa Kinasi unaingiwa maji yakiwa yanajaa, ili mkondo ukikuchukua ukupeleke ndani ya ghuba. Maji yakipwa yanakutoa nje kwenye bahari kuu.

Kwenye kuta za miamba kuna mkondo unaovuta chini. Utaujua hivi: mapovu yako hayapandi, yanazunguka au yanashuka, na samaki wote wameelekeza vichwa juu. Usipigane nao katikati ya maji. Shika mwamba, hapo matumbawe utayaomba radhi baadaye, upande kwa mikono. Mwamba ukiwa mbali, ogelea moja kwa moja kwenda nje kuelekea bahari wazi, mikondo hii mara nyingi ni myembamba. Tia hewa kwenye jaketi la kuelea ikibidi, lakini kidole kiwe kwenye kitufe cha kutolea, maana ukikuachia ghafla utaruka juu kama kizibo.

Kila mzamiaji awe na boya la kupuliza, refu, la rangi ya machungwa, na uzi wake kwenye kigurudumu. Kusi ikivuma, kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani hata kwa hatua mia mbili. Boya nyoofu la mita moja na nusu naliona. Lipulizeni mkiwa mita 5, kabla hamjatoka, ili nijue mko wapi na nisije na pangaboi juu yenu. Na mkipotezana chini: tafuta dakika moja tu, kisha panda, mwenzio naye atapanda. Dakika tano za kuzunguka kumtafuta ndizo zinazotufanya tutafute watu wawili.

#8 MwanaDiani

Shukran Nahodha. Swali kwa wataalamu: mtu akipiga mbizi mbili Diani Jumapili asubuhi, halafu alasiri akapanda SGR kurudi Nairobi, si yuko sawa? Masharti ni ya ndege, na treni si ndege.

#9 Muuguzi_Tanga

Dada, mwili haujui umepanda nini. Unajua shinikizo la hewa tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Treni ikifika Emali umeshavuka mita 1,000. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, unahusu kwenda kwenye mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi: subiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima wakati wa kupanda, angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo, na zaidi sana ya saa 18 kama ulilazimika kufanya vituo hivyo, vya dekompresheni. Mbizi mbili Jumapili asubuhi, basi treni ni Jumatatu.

Mpango huohuo kwa wanaochanganya pwani na Kilimanjaro au Arusha: mlima kwanza, bahari baadaye. Na vile vindege vidogo vya Mafia na Pemba, watu wanasema vinapaa chini. Vinapaa chini, ndiyo, lakini rubani akikwepa wingu hakuulizi ulipiga mbizi lini.

Sasa bendsi yenyewe, ugonjwa wa mapovu. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inatoka kama mapovu ukipanda haraka au ukikaa chini kupita kiasi. Dalili nyingi zinatokea ndani ya saa chache, nyingine zinachelewa hadi siku ya pili: maumivu ya begani au kwenye kiwiko ambayo hayabadiliki ukiyaminya, ganzi, uchovu usioelezeka, ngozi yenye madoa kama marumaru, kizunguzungu, miguu kulegea, kushindwa kukojoa. Hiyo ya mkojo watu wanaona aibu kuisema, na ndiyo inayoonyesha uti wa mgongo umeguswa. Ulizeni wazi.

Mkiwa kwenye boti: mlaze chali, sawasawa, asisimame kutembea. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Mpe oksijeni asilimia 100 kwa maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, hata dalili zikipungua usiitoe. Maji ya kunywa kama yuko timamu na hatapiki. Pigeni simu ya dharura ya DAN kabla ya kukimbilia popote, wao wanajua chemba (chumba cha shinikizo cha kutibia bendsi) ipi inafanya kazi siku hiyo. Chemba iliyopo karibu inaweza kuwa iko kwenye matengenezo. Kompyuta yake msiizime, msiiazime, iende naye.

Hesabu ya oksijeni pia ipigwe. Mtungi wa lita 5 uliojaa bar 200 una lita 1,000. Kwa lita 15 kwa dakika ni dakika 66. Boti ikiwa saa moja na nusu kutoka bandarini, mtungi mmoja hautoshi. Kabla hamjalipa safari ombeni uonyeshwe mtungi, geji yake, na maski. "Upo, upo" siyo jibu.

#10 Jongoo_Baharini

Huku kwetu wanaozamia majongoo kwa kompresa na mpira, mtu miguu ikilegea anarudishwa chini palepale alipokuwa, anakaa kidogo, anapona. Mbona mnasema chemba?

#11 Muuguzi_Tanga

Kaka, anapata nafuu kwa sababu shinikizo limeyabana mapovu tena. Lakini kule chini anavuta hewa ya kawaida, kwa hiyo anaongeza naitrojeni nyingine juu ya ile. Akipanda mapovu yanarudi makubwa zaidi. Na mtu ambaye miguu haifanyi kazi akizirai ndani ya maji, anakufa maji. Chemba inabana mapovu na inampa oksijeni safi kwa saa kadhaa, akiwa mkavu na kuna mtu anamtazama. Dalili za mishipa ya fahamu zisikae mpaka kesho. Na asipelekwe kwanza kwa mganga kutazamiwa. Jamaa waandamane naye kama wanataka kusoma dua, lakini oksijeni iwe usoni.

#12 Fundi_Mitungi

Naongezea kwa Jongoo: zile kompresa nyingi ni za gereji, za kupulizia rangi. Hazina chujio la kupumulia hata moja, na injini iko futi tatu kutoka bomba linapovuta hewa. Usipobadilisha kitu kingine chochote, funga bomba la kuvutia hewa kwenye mti mrefu upande upepo unakotoka, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama upepo na mpira. Sijasema hapo itakuwa salama.

#13 MwanaDiani

Masikio je? Wengi wanaacha mbizi kwa ajili ya masikio.

#14 Mwambakuni

Anza kuzibua juu ya maji kabla hujashuka, halafu kila nusu mita, bila kungoja maumivu. Bana pua, puliza taratibu, au meza mate huku umebana. Ikigoma, panda mita moja, jaribu tena. Ikigoma mara ya tatu, mbizi imeisha, hela haijapotea, sikio limebaki. Ukipuliza kwa nguvu unaweza kupasua kiwambo cha ndani kabisa, na hapo kizunguzungu chake huwezi kupanda nacho. Mafua: usizame. Dawa ya kufungua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanasa wakati wa kupanda, na kukaa chini huwezi kwa sababu hewa ya mtungi inaisha.

Na uzito, maana umeungana na hewa. Mtu aliyejaza vipande vya risasi vya uzito kiunoni anajaza jaketi, anaogelea amesimama wima, anapiga matumbawe kwa mapezi na anavuta lita 25 badala ya 20. Pima mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50, jaketi tupu, pumzi ya kawaida: maji yawe usawa wa macho. Ukipima mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa utakayoitumia ina uzito karibu huo. Tumbawe lililovunjwa na pezi moja lilikuwa linakua sentimita chache kwa mwaka, mengine milimita tu. Kwa hiyo mapezi juu, mikono kifuani, geji na oktopasi zibanwe kwenye jaketi zisiburuze.

#15 Kijana_Forodhani

Nimenyoosha mikono. Swali la mwisho mkuu: nikipewa mtungi wa chuma wa lita 15, ile bar 90 ya mita 30 inabaki 90?

#16 Mwambakuni

Lita ni zilezile 960. Gawa kwa 15, unapata 64. Geji nyingi zina mistari ya kumi kumi, andika 70. Na ukipewa ule mfupi wa lita 10, ni 96, andika 100. Hapo ujue nusu ya mtungi siyo yako, ni ya mwenzako.